'Keep you posted' siyo posti!

Haya mshikaji wa Bagara, umetuma barua ya kazi Arusha, umejibiwa: "We'll keep you posted." Tulia! Usianze kuaga wala kuuza godoro. Najua kwetu posti ni kupangiwa kituo, kama walimu wanavyopelekwa Hanang au Simanjiro. Hii siyo hiyo. Maana yake ni "tutakujulisha kinachoendelea", basi. Msemo wenyewe ulitokea kwenye uhasibu: kuposti ni kuingiza hesabu kwenye leja, ili kitabu kisipitwe na mambo. Kwa hiyo kazi hujapewa, ila pia hujanyimwa. Wewe washukuru, halafu endelea kutuma barua kwingine. Kujulishwa siyo kuajiriwa, ati! Tukutane wiki ijayo.