Bibi Harusi, Usiifiche Mashine ya Sukari

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Babati mjini. Tuko mbali na bahari yenu, lakini mabibi harusi ni wale wale.

Mwaka jana tulimshonea binti mmoja gauni la nikahi. Kila akija kujaribisha, anaomba tumwache peke yake kidogo. Siku moja tukaingia bila hodi, tukamkuta amejichoma kidole, mashine ya kupima sukari iko mapajani. Akalia: "Dada zangu, msimwambie mama mkwe." Tukanyamaza.

Siku ya shughuli alipambwa tangu alfajiri. Insulini alishajichoma, ila chakula hakuna aliyekikumbuka. Adhuhuri akaanza kutetemeka, jasho linamtoka. Wageni wakasema kijicho. Sisi tuliojua tukakimbilia juisi. Alipopima ilisoma 2.9, na chini ya 3.9 tayari ni hatari.

Tangu hapo hatunyamazi. Sitara ni jambo jema, lakini ugonjwa ambao wenzio wakiujua watakuokoa, kuuficha si sitara. Mume ajue kabla ya nikahi, na somo wako ajue. Anayekukimbia kwa sababu ya sukari, bora akukimbie mapema.

Na mashine yenyewe haina aibu. Kwenye ile stripu mna kimeng'enya kinachokutana na sukari ya damu, kikazalisha umeme mdogo mno. Sukari ikizidi, umeme unazidi, na mashine inaugeuza kuwa namba kwa sekunde chache. Wazo hilo lilianza 1962 kwa Leland Clark wa Marekani. Leo tone dogo latosha, dogo kuliko tunalotokwa sisi tukichomwa na sindano ya cherehani.

Ila ina masharti. Osha mikono kwa maji na sabuni, ukauke. Kidole chenye halua au embe kitakudanganya. Kichupa cha stripu kifungwe vizuri kisiingie unyevu, na uangalie tarehe ya mwisho.

Ramadhani msiogope kupima. Wanazuoni wengi wamesema tone la kidole halifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, madaktari wanasema fungua. Al-Baqara aya ya 185 imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Basi tuipokee ruhusa ya Mola wetu. Na kabla ya mwezi kuandama, muone daktari akupangie dawa.

Mnaotunza mabibi harusi, khanga na udi ni vizuri. Lakini kama ana sukari, mtieni na kichupa cha stripu. Mashine hununuliwa mara moja, stripu ikitumika imekwisha, na hizo ndizo zinazomaliza pesa.

Sisi siku hizi kila gauni tunalitilia mfuko mdogo ubavuni, bure. Unatosha mashine na pipi mbili. Allah awape afya na ndoa zenye kheri. Amin.