Waraka kwa Wanaojiandaa kwenda Namugongo



Orodha ya hija ya Namugongo imejaa mapema mwaka huu, na moyo wangu ungepaswa kufurahi. Umefurahi nusu. Nimeiweka kando ya madaftari ya mahudhurio ya jumuiya ndogo ndogo, nikaona kwamba wengi walio tayari kukesha ndani ya basi hadi Uganda hawajakanyaga nyumba ya jirani yao siku ya jumuiya tangu Kwaresima ianze. Siandiki ili kumuumbua mtu. Naandika kwa huzuni ya mzazi, kwa sababu nadhani wale Mashahidi wa Uganda tunaokwenda kuwaheshimu wasingetuelewa.

Tukumbuke walikuwa nani. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 wakalazimika kuondoka, wakavuka ziwa kuja huku kwetu kusini, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa wala kitubio. Wakristo walikuwa wachache, wengine wakatekumeni tu, na kila sababu ya kutawanyika walikuwa nayo. Hawakutawanyika. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa akimtumikia Kabaka kwa karibu, aliwakusanya vijana wa ikulu akawafundisha sala, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Mukasa alipouawa mwezi Novemba mwaka huohuo, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kumuua Hannington, askofu wa Kianglikana, Karoli Lwanga akaubeba mzigo wake. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, kule Munyonyo, akijua hukumu iko mlangoni, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni waliobaki, na Kizito alikuwa mmoja wao. Padri hakuwapo. Walikuwapo wao kwa wao, nao wakatosha.

Kisha wakatembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo, na wengine wakauawa njiani. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana mwaka ule, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja. Ndiyo maana huniuma kusikia tukigombania viti vya mbele vya basi, au jumuiya mbili zikinuniana kwa sababu ya rangi ya vitenge. Huniuma zaidi kuona simu zimeinuliwa juu wakati wa mageuzo. Na maji ya Namugongo mnayoyabeba kwenye madumu, yachukueni kwa imani, lakini msiyauze, wala msimwambie mgonjwa aache dawa za hospitali.

Najua wapo wanaoniambia kwa unyofu: "Baba Paroko, nakwenda kutafuta utulivu. Hapa parokiani kuna kelele na majungu." Ni kweli yapo, mimi ndiye ninayeletewa. Hata hivyo tumtazame Bwana wetu. Aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu kusali, na Simoni alipomfuata kumwambia kwamba wote wanamtafuta, hakusema waniache. Alisema twende mpaka vijiji vya jirani. Antoni wa Misri, tunayemwita baba wa watawa, hakwenda jangwani kwa kuwachoka waamini wenzake. Neno lililomwondoa alilisikia kanisani, Injili ikisomwa katikati ya watu, na kabla ya kujitenga kabisa alihakikisha dada yake mdogo amepata watu wa kumtunza. Baada ya miaka mingi ya upweke alipokea wagonjwa na wenye huzuni waliomfuata. Ukimya wa namna hiyo nautamani kwa parokia nzima. Ukimya wa kumkwepa jirani unayedaiana naye ni kitu kingine, na hauhitaji pasi ya kusafiria, maana hata chumbani mwako unapatikana.

Simkatazi mtu hija. Wapo ndugu zetu wa Kenya na wa pembe za mbali za Uganda wanaotembea majuma kadhaa kwa miguu, na nikiwaona na malengelenge yao naona haya kulalamikia kiti cha basi. Hata maaskofu wa kanda yetu ya Afrika Mashariki (AMECEA), walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, hawakutaka kuondoa ibada nyingine. Walitaka ibada hizo ziwe na mahali pa kuota.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, tufanye hivi mwaka huu. Majina yapitie kwa viongozi wa jumuiya, yasiletwe ofisini moja kwa moja. Kila jumuiya yenye msafiri itembelee kwanza wagonjwa wake, na msafiri apokee nia zao za sala kwa majina. Wenye ugomvi wapatane kabla ya kulipa nauli. Mimi nipo kitubioni kila Jumamosi jioni. Tukishavuka mpaka wa Mutukula, simu zitazimwa kwa saa nzima na hakuna atakayewasha muziki, dereva akiwemo. Na juma tutakalorudi, msafiri atakaribisha jumuiya nyumbani kwake awasimulie wale waliokosa nauli. Chai ya rangi inatosha.

Paroko wenu