Mtoto anahitaji zaidi ya uji mweupe

WAZAZI wengi huniuliza kliniki: “Daktari, mtoto anakula na anashiba, mbona uzito hauongezeki?” Nikiuliza anakula nini, mara nyingi jibu ni uji wa sembe wenye sukari asubuhi na ugali kwa mchuzi jioni.

Mahindi tumeyazoea hadi tukadhani ni chakula cha mababu. Asili yake ni Mexico, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao huku, katika karne ya 16. Kabla yake, uji na ugali ulikuwa wa mtama, uwele na ulezi.

Tangu zamani, wenyeji wa Mexico huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa na kuyala pamoja na maharage. Chokaa hiyo huusaidia mwili kupata vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi. Yalipofika Ulaya na kwingineko, mapishi hayo hayakufuata. Mwanzoni mwa karne ya 20, maskini wengi wa kusini mwa Marekani, walioishi kwa unga wa mahindi, waliugua pelagra: ngozi hubabuka, mgonjwa huharisha, hupoteza fahamu zake na anaweza kufa. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Dk. Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kuwa chanzo ni mlo.

Sisi tumekingwa na mboga: maharage, kisamvu, dagaa, karanga. Sasa kinga hiyo inapungua. Tunakoboa mahindi na kutupa pumba na kiini, penye vitamini, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Fedha ya mboga nayo inakwenda kwenye soda, chipsi na biskuti. Mtoto anashiba wanga huku akikosa vya kumjenga, na udumavu wa miaka 2 ya kwanza ni mgumu kuurekebisha baadaye.

Mzazi, fanya hivi. Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kisha mwanzishie vyakula vingine, ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Uji wake upike kwa dona au ulezi, utie maziwa au karanga zilizosagwa laini. Ugali wake uende na maharage yaliyopondwa, mboga za majani, yai au dagaa waliosagwa. Mahindi na karanga zenye ukungu usizitumie, kwani sumukuvu huharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Kisha tazama kadi yake ya kliniki. Mstari wa uzito ukilala au ukishuka, usingoje augue. Mlete tumwone mapema.