Tusisugue magari kama masufuria

WAFANYABIASHARA wengi wanaoingia Kampala kutoka Busia, Malaba au Mutukula wanaifahamu Katwe. Ndiko kwenye mafundi wa mageti, majiko na mashine za kusaga, na ndiko wengi wetu tunakopeleka magari kutengenezwa. Lakini kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu linatutia hasara kubwa, nalo ni jinsi tunavyoondoa uchafu sugu kwenye rangi ya gari.

Uchafu huo si wa aina moja. Kuna vumbi jekundu la barabara za murram, kuna lami inayoruka kutoka kwenye magurudumu, na kuna chembe za chuma. Hizi za mwisho ndizo hatari zaidi kwa anayeegesha Katwe. Fundi anapokata au kusaga chuma, cheche huruka, hutua kwenye rangi zikiwa za moto na kunata. Mvua ikinyesha zinashika kutu, nawe unaona vidoa vya rangi ya chungwa ambavyo havitoki kwa sabuni.

Hapo ndipo nimeona watu wakiamuru gari lisuguliwe kwa sabuni ya unga, mchanga au waya wa masufuria. Doa hutoka, ni kweli, lakini hutoka pamoja na tabaka la juu linalokinga rangi, ambalo ni jembamba kama unywele. Baada ya muda rangi hufifia, na mwenye gari hulazimika kupaka upya. Ndugu yetu aliyerudi nyumbani na gari alilolinunua kwa akiba ya miaka anapotaka kuliuza, mnunuzi huona rangi mpya na kudhani gari lilipata ajali. Bei hushuka hapo hapo.

Njia sahihi haihitaji nguvu. Kwanza mwagia maji mengi ili mchanga uondoke, kisha osha kwa sabuni laini na sponji, gari likiwa kivulini. Lami ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha mara moja. Usimwage mafuta hayo mtaroni, kwa maana maji ya Katwe huingia mfereji wa Nakivubo na kuishia Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kunywa.

Kwa chembe za chuma upo udongo maalumu wa kusafishia rangi. Hutelezeshwa taratibu juu ya maji ya sabuni, nao huzing'oa. Ukiudondosha chini, utupe, maana mchanga ulionata utakwaruza gari. Kujua kama kazi imekwisha, vaa kaveera mkononi na upapase boneti. Palipobaki chembe utahisi mikwaruzo. Malizia kwa nta.

Siwalaumu vijana wanaoosha magari. Sisi wateja ndio tunaowalipa kidogo na kudai gari ling'ae kwa dakika kumi. Tuwape muda na malipo yanayostahili, na tuegeshe mbali na cheche. Haraka haraka haina baraka.