Babu wa Riwaya na Babu wa Kweli

Mwanafunzi mmoja aliniletea mswada wa riwaya kuhusu baba wa babu yake, aliyetwaliwa kwa nguvu awe hamali wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Alikuwa amewahoji wazee wa ukoo likizo nzima, na kazi yake ilikuwa na uhai. Lakini katika sura ya kwanza, mwaka 1914, mhusika mkuu amevishwa kipande shingoni, anailaani Koloni ya Kenya, na anamjibu Mzungu kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa.

Kipande kilianza kutumika baada ya vita hivyo. Nchi iliitwa koloni mwaka 1920. Kabla ya hapo ilikuwa himaya. Na Kamati ya Lugha, iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, iliundwa mwaka 1930. Hamali yule, kama alikijua Kiswahili, yamkini alikiokota kambini na njiani, mzigo u kichwani.

Wapo walimu watakaosema kuwa riwaya ni ubunifu, na kwamba mimi naleta ushupavu wa wanaisimu. Sikatai kwamba mtunzi ana uhuru. Hata hivyo, mahamali hao waliokufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko risasi, hawakuachiwa kumbukumbu nyingi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao, na sanamu ya mchukuzi imesimama pamoja na za askari kando ya Kenyatta Avenue. Majina yao je? Aghalabu yamo vinywani mwa wajukuu tu. Tukiwavalisha wazee hao mavazi ya enzi nyingine, tutakuwa tumewazika mara ya pili.

James Mbotela aliitambua thamani ya habari za nyumbani. Katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934, alisimulia mkasa wa watu waliotekwa na kuokolewa, wakaja kukaa Freretown, Mombasa. Baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, nami naiona haki yao. Lakini bila yeye tungekuwa na nini kutoka ndani ya nyumba zile?

Narudi kwa mwanafunzi wangu, maana makosa ya tarehe hayakuwa ndiyo makubwa. Nilimwuliza ni nani aliyemkamata babu yule. Akanyamaza, kisha akasema kuwa mzee mmoja alimnong'oneza: alikamatwa na nduguye wa tumbo moja, tarishi wa chifu, aliyetakiwa kutimiza idadi ya vijana. Katika mswada, mkamataji ni Mzungu asiye na jina. Kijana alichelea kuuaibisha ukoo.

Hapo ndipo nilipomwambia kuwa anaitupa riwaya yenyewe. Mwanahistoria hulazimika kutaja jina la mtu, na kizazi cha tarishi yule kingali kinaishi jirani. Mtunzi anaweza kubadili jina, kijiji, hata mto, akaubakiza usaliti na hofu iliyouzaa. Tarishi naye alikuwa na chifu nyuma yake, na chifu alikuwa na Bwana Shauri.

Aliuchukua mswada wake bila kunijibu. Juzi nimesikia amepanda matatu kwenda kwao, kumwuliza mzee yule ndugu hao wawili waliitanaje walipokuwa watoto.