Kwani Lazima Ukimbie? Mteremko wa Salama Una Jibu

Kuna swali ambalo kijana Mkenya huulizwa kila akisema anapenda spoti: “Kwani unakimbia?” Ukijibu hapana, linafuata la pili: “Basi ni boli?” Ukijibu hapana tena, mazungumzo yanaishia hapo. Ni kana kwamba nchi hii ina milango miwili tu ya michezo, na ukikosa kupenya kwa mmoja, kaa nyumbani ubonyeze simu ukibeti mechi za wenzako.

Leo tunataka kukuonyesha mlango wa tatu, na tutaanzia mahali ambapo huenda umewahi kupita ukisinzia kwenye basi la Mombasa. Ukitoka Nairobi, ukishapita Malili, unafika Salama. Jina ni la amani lakini barabara yake ina sifa nyingine. Nchi hapo inapanda na kushuka, malori yanapanda kwa kujikokota na yakishuka unasikia harufu ya breki. Ajali za hapo umezisoma mara nyingi kwenye habari. Ukiacha lami na kupanda upande wa Nunguni na milima ya Kilungu, miteremko inazidi kuwa mikali na baridi inaanza kuuma.

Kwetu sisi mteremko ni shida. Unaua gari, unakula breki, unabeba udongo wa shamba mvua ikinyesha. Lakini kuna watu duniani walioutazama mteremko kama huo wakaona kazi ya maisha.

Kaskazini mwa Italia, mpakani na Austria, kuna bonde linaloitwa Passeier. Huko ndiko anakotoka Evelin Lanthaler, aliyezaliwa 1991. Huenda hujawahi kumsikia, na si kosa lako. Mchezo wake unaitwa luji ya njia asilia. Amekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja, na Kombe la Dunia la wanawake amelitawala kwa misimu mingi hivi kwamba habari kubwa ni siku anaposhindwa. Jirani yake wa milima hiyo hiyo, Patrick Pigneter, naye aliwatesa wanaume wenzake kwa miaka na mikaka.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unalala chali kwenye sleji, miguu ikitangulia, na unateremka mlima kwenye barafu. Chini ya sleji kuna mbao mbili zilizovikwa vyuma vyembamba. Huna usukani wala pedali ya breki. Unapinda kwa kuhamisha uzito wa mwili, kuvuta kamba uliyoishika na kusukuma kwa miguu. Unafunga breki kwa viatu vyenye misumari. Kasi inaweza kupita kilomita 70 kwa saa. Ukikosea kona, wa kulaumiwa ni wewe peke yako.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Luji unayoiona kwenye Olimpiki, ambayo iliingia huko mwaka wa 1964 kule Innsbruck, huchezwa ndani ya mfereji wa zege uliopozwa kwa mitambo, kona zake zikiwa zimeinuliwa kama kuta. Mfereji wa aina hiyo uliojengwa Cortina kwa ajili ya Olimpiki ya 2026 uligharimu zaidi ya yuro milioni 100, yaani mabilioni kumi na kadhaa ya shilingi zetu. Luji ya njia asilia haina habari na mambo hayo. Sheria zake zinakataza kona za kuinuliwa na barafu ya mitambo. Njia yake ni njia ya kawaida ya mlimani, ile ile ambayo wanakijiji walikuwa wakishushia kuni na nyasi za mifugo kwa sleji wakati wa baridi. Watu walikuwa kazini, wakaanza kushindana nani atafika chini kwanza, na mashindano yakazaa mchezo. Ubingwa wa Ulaya ulianza 1970, na ule wa dunia ukafanyika mara ya kwanza 1979 katika kijiji cha Inzing, Austria.

Hebu rudia hapo. Ubingwa wa dunia ulianzia kijijini. Si kwenye jiji lenye uwanja wa watu elfu sitini.

Na kuna jambo la pili la kukufungua macho. Mchezo huu haumo kwenye Olimpiki. Shirikisho la kimataifa la luji limejaribu kuuingiza mara kadhaa na likakataliwa. Maana yake ni kwamba mtu kama Lanthaler anaweza kuwa bora kuliko kila mwanamke duniani katika kazi yake na bado asipate medali hata moja ya Olimpiki. Mikataba minono ya matangazo haimiminiki huko. Kinachoubeba mchezo ni klabu za vijijini, watu wa kujitolea wanaoamka alfajiri kumwagia njia maji igande, na wazazi wanaokubali mtoto wao alale chali na kushuka mlima.

Najua unachowaza: barafu Ukambani? Tulia. Hatusemi Salama ilete theluji. Hata hao Waitalia na Waaustria kiangazi kikifika hufunga magurudumu kwenye sleji na kuteremka kwenye lami. Na magurudumu sisi tunayajua. Mtoto aliyelelewa kwenye mteremko popote Kenya anajua gari la mbao lenye bering kuukuu zilizookotwa kwa fundi, kamba ya kupindia, na kisigino cha kiatu kama breki. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, vijana hushuka na chukudu, skuta kubwa ya mbao inayobeba magunia ya viazi na makaa, na mji umeiheshimu kiasi cha kuijengea sanamu. Ukiitazama vizuri, chukudu na sleji ya Passeier ni ndugu. Zote zilizaliwa na mlima, mzigo na ujasiri.

Tofauti ni kwamba ndugu mmoja alipata klabu, sheria na saa ya kupima muda. Mwingine aliachwa barabarani.

Wakenya si wageni wa kujaribu yasiyotarajiwa. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kabla ya kampuni ya Nike kumpeleka Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mwaka wa 1998 kule Nagano, Japani, alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye utepe amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akarudi Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kutuwakilisha kwenye Olimpiki ya baridi, Pyeongchang 2018. Miaka minne baadaye, Beijing 2022, bendera yetu haikuwapo kabisa.

Julius Yego naye alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka wa 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72. Na kwenye barabara hii hii ya Mombasa, ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, vijana wa Ice Lions wamekuwa wakicheza magongo ya barafu kwenye uwanja mdogo uliofunguliwa 2005. Mwaka wa 2018 walialikwa Canada wakacheza na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Tukiwapigia makofi hawa, tuulize pia swali gumu. Mbona kila mmoja wao anaonekana kama ajabu ya peke yake? Boit alihitaji kampuni ya viatu kutoka Marekani. Yego alihitaji intaneti. Ice Lions walihitaji hoteli na kampuni ya kahawa ya Canada. Kipaji kilikuwa chetu, lakini mlango ulifunguliwa na mwingine. Siku mfadhili anapochoka, mlango unafungwa na sisi tunabaki na stori ya kusimulia. Passeier hawasubiri ajabu. Wana klabu, na klabu hutoa bingwa mwingine huyu akistaafu.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Mbio za magari ya mbao na skuta kwenye miteremko ya Kilungu ni wazo linalowezekana, na linafaa kujaribiwa. Chagua barabara moja ya murram ya kaunti. Ifungwe nusu siku, Jumamosi asubuhi. Wekeni tairi kuukuu na magunia ya nyasi kwenye kona. Helmeti iwe lazima, hata kama ni ya kuazima kwa mtu wa boda. Gari la kubeba wagonjwa liwe chini ya mlima. Fundi wa jua kali ahukumu kama gari limetengenezwa vyema. Hapo una mashindano ambayo gharama yake haifiki hata robo ya hafla moja ya wanasiasa ya kugawa jezi.

Tuelewane kwa jambo moja ambalo halina mjadala: hatuzungumzii barabara kuu. Mtu yeyote anayeteremka na kigari, baiskeli au skuta kati ya malori pale Salama hachezi mchezo. Anacheza na kaburi. Sababu mojawapo ya kutaka mashindano yenye sheria ni hiyo hiyo. Kijana akinyimwa mahali salama pa kutafuta kasi, ataitafuta pabaya.

Kuna pingamizi tunalolisikia, tena lina uzito. Makueni na Kitui ni kaunti kame. Kina mama wanachimba mchanga wa mto kutafuta maji. Je, si aibu kuzungumza magari ya mbao? Jibu letu ni kwamba hakuna anayeomba pesa za bwawa zihamishiwe mchezoni. Lakini kijana halishwi maji peke yake. Anayekaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni bila kazi wala shughuli naye ni ukame wa aina yake. Katiba imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Sheria ya Michezo ya 2013 inaruhusu klabu yoyote kusajiliwa kwa msajili wa michezo. Pesa hizo za michezo tayari zinatengwa. Tunachouliza ni kwa nini kila mwaka zinaishia kwenye mpira mmoja na seti moja ya jezi.

Pia hatutaki kukudanganya. Ukianzisha klabu ya kuteremka mlima huko Salama, huenda usitajirike. Huenda usiwahi kuonekana kwenye runinga. Hata mabingwa wa dunia wa luji ya njia asilia hawana Olimpiki ya kukimbilia, na mwanamichezo mwenye akili huko na hapa hushika ufundi au masomo kwa mkono wa pili. Usiache shule. Usiuze ng’ombe wa mzee. Mchezo wa namna hii unakupa vitu vingine: nidhamu ya mwili, marafiki ambao hawakuvuti kwenye vileo, ujuzi wa kutengeneza kitu kwa mikono yako, na siku moja kwa mwaka ambapo kijiji kizima kinasimama kando ya njia kikiita jina lako. Kwa watu wengi, hiyo inatosha kuifanya kazi ya ujana.

Kwa hivyo, wewe unayesoma haya ukiwa Pipeline, Mlolongo au Kitengela, na kwenu ni Kilome, Mbooni au Mwingi: Desemba utarudi nyumbani. Usiende tu kula mbuzi na kupiga picha. Tafuta watu kumi wa rika lako. Andikeni barua kwa afisa wa michezo wa wadi, mtaje barabara mnayoitaka, tarehe, na jinsi mtakavyowalinda washiriki. Msipojibiwa, pelekeni nakala kwa diwani na mwulizeni mbele ya watu kwenye kikao cha bajeti, maana vikao hivyo ni vya umma na kiti chako kipo. Ombi lililoandikwa na watu kumi ni gumu kulitupa kuliko malalamiko ya watu elfu mtandaoni.

Nawe mzazi, mtoto akija na mbao mbili na bering nne, usiwahi kumfokea kwamba anapoteza wakati. Mwulize kwanza breki iko wapi.