Kihusishi kifundishwe na kitenzi chake

KAULI YA ALHAMISI
Na Mwanakombo Athumani

Kiongozi akisimama jukwaani aseme "let us discuss about this matter", kabla ya magharibi video imeshazunguka kwenye simu za watu, na wanaomcheka ni wengi kuliko waliosikia alitaka kujadili nini. Wakenya tuna ukali wa ajabu na Kiingereza cha wenzetu. Mtu atavuruga ngeli za Kiswahili kutwa nzima redioni, hatumsemi. Akiweka "on" mahali pa "in", basi hakusoma huyo.

Makosa haya ya vihusishi yana asili yake, na asiyeijua atacheka tu bila kumsaidia mtu. Chukua barua yoyote ya kuomba ruhusa ofisini: "We request for your permission." Kitenzi "request" hakitaki "for". Nomino yake ndiyo inayoitaka, kwa hiyo "a request for permission" ni sahihi kabisa, na mwandishi amekihamisha kihusishi kutoka kwa nomino akakipachika kwenye kitenzi. "Emphasise on" imezaliwa vivyo hivyo, maana "emphasis on" ipo. Na "discuss about" ni "kuzungumza kuhusu" iliyovalishwa suti. Kila kosa hapo lina mantiki, ila ni mantiki ambayo Waingereza hawakuifuata.

Sasa tazama mtoto wetu anatoka wapi. Sema hivi: "Alikwenda kwa shangazi yake kwa basi, akanunua maembe kwa shilingi mia mbili, akayamenya kwa kisu." Hizo ni "kwa" nne, wala hakuna msikilizaji aliyetatizika. Kwa Kiingereza kila moja inadai neno lake: "to" kwa shangazi, "by" kwa basi, "for" kwa bei, "with" kwa kisu. Ongeza wakati. Sisi tunasema "nitakuja Jumatatu saa tatu", pasi na kihusishi chochote. Mwingereza anataka "on" mbele ya siku na "at" mbele ya saa, na ukimtajia mwezi wa Mei anataka "in".

Kiswahili hakikupungukiwa na kitu. Mzigo tumeuweka kwingine. Yuko shuleni, ameenda shuleni, ametoka shuleni: neno "shuleni" halikubadilika hata chembe, kitenzi ndicho kilichosema kama mtu amekaa, anaelekea au anaondoka. Tena tuna uhodari ambao Kiingereza hakina. Nyumbani kuna watu, nyumbani pana watu, nyumbani mna watu. Mwenye sikio anajua kwamba ya mwisho inasema wamo ndani. Kiingereza nacho zamani, yapata miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa kikibadilisha mwisho wa nomino kuonyesha kazi yake katika sentensi. Miisho hiyo ilipodondoka, vihusishi vikazidi kubebeshwa kazi, na ndiyo maana leo "of", "to" na "in" ni miongoni mwa maneno yanayotumika zaidi katika lugha hiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na namna tunavyofundisha. Mtoto anapewa jedwali: "in" ni ndani, "on" ni juu, "at" ni kwenye. Anakariri. Kisha anaambiwa kwamba mtu aliye ndani ya teksi yuko "in a taxi" lakini aliye ndani ya basi yuko "on a bus". Aliye kwenye mtumbwi yuko "in a canoe", na aliye melini yuko "on a ship". Mwalimu mzuri atamweleza kuwa chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huhesabiwa kama sakafu. Maelezo hayo yanasaidia kidogo, kisha safari inakwama tena kwenye "look". Ukiongeza "for" unatafuta, ukiongeza "after" unatunza, ukiongeza "into" unachunguza. Jedwali la "after ni baada ya" litamfaa nini mtoto hapo?

Afundishwe kama anavyojua Kiswahili chake. Hakuna mtoto wa Likoni au Kisauni anayechanganya kuhama na kuhamia, au kukimbia na kukimbilia. Mtu aliyekimbia polisi na aliyekimbilia polisi wako katika hali tofauti sana usiku huo, na mtoto wa miaka mitano anaijua tofauti hiyo bila kusikia neno "unyambuaji". Amekipokea kitenzi kizima na mkia wake. Basi "look after" iandikwe ubaoni kama kitenzi kimoja, maana yake kutunza. "Depend on" nayo ni kitenzi kimoja, na "depend" peke yake ihesabiwe nusu ya neno. "Request" iandikwe tupu, na ipigiwe mstari utupu wake. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nimepika chakula kwa mtoto", tunamrekebisha kwa upole, "sema nimempikia". Upole huohuo tunaweza kuuvusha mpaka darasa la Kiingereza.

Wengine watasema nalegeza kamba. La. Yapo makosa ya kupuuza na yapo ya gharama. Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend", na hakuna aliyeumia. Lakini Julai 2023 VAT ya mafuta hapa Kenya ilipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Kwa Kiingereza hiyo ni "to 16 per cent". Ukiandika "by 16 per cent" umemwambia msomaji kwamba ushuru umefika asilimia 9.28, na bei yake ya petroli haitaelewana na gazeti lake. Kiswahili kina tofauti hiyohiyo, kupanda kwa na kupanda hadi, na bado wanahabari tunaivuruga katika lugha zote mbili. Vivyo hivyo mwenye zabuni akiambiwa "by Friday", mwisho wake ni Ijumaa. Akiambiwa ofisi imefungwa "until Friday", asihangaike kwenda Alhamisi. Hayo ndiyo ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, na mapema.

Maswali ya kujaza pengo kwa kihusishi yamewakosesha wanafunzi wengi alama za sarufi katika KCSE. Walimu wa Kiingereza, nawaomba muhula ujao mlifute lile jedwali la "in", "on" na "at", muandike vitenzi na vihusishi vyake, vichache kila siku, vikiwa ndani ya sentensi nzima. Na wewe uliye na barua ya kazi mezani leo, kabla hujaituma ipitie mara moja. Palipo na "discuss about" ondoa "about". Palipo na kitenzi "request" ondoa "for". Ile ya "look forward to" iache ilivyo.